Mlezi ameniuliza, "Umejuaje?"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu, na huandika usiku watoto wakishalala. Ninachoandika si hadithi ya kubuni. Ni masimulizi marefu ya kweli kuhusu chumba cha kusafishia damu. Dada yangu mkubwa figo zake zimefeli, na mara 3 kwa wiki huunganishwa na mashine kwa takribani saa 4. Mimi ndiye ninayemsindikiza. Nimekaa katika chumba kile mpaka wagonjwa wengine wamenizoea kama mmoja wao. Mtu akishafungwa kwenye mashine hana pa kwenda, basi anazungumza. Nilianza kwa kuandika daftarini yale niliyoyasikia, baadaye nikawaomba ruhusa nikawa nawarekodi kwa simu. Wengi walikubali, na wapo waliofurahi kwamba kuna mtu anayetaka kujua.

Mwaka huu niliomba nafasi katika makazi ya waandishi. Ni wiki 5, waandishi 8 wa masimulizi ya kweli, kila mmoja na mlezi wake, mhariri aliyebobea katika kazi za aina hii. Malazi na chakula ni juu yao. Wewe unaandika, kisha unakaa na mlezi juu ya rasimu yako mpaka ikomae. Nilituma kurasa za mwanzo, nikachaguliwa. Barua ya kunipongeza ilisifu sana aya yangu ya kwanza, ambamo mzee mmoja, katika usiku wake wa mwisho, anamkumbuka mwanawe aliyeondoka nyumbani akiwa kijana na hakurudi.

Wiki iliyopita mlezi niliyepangiwa ameniandikia. Hakunisifu wala hakunikosoa. Ameuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Unasema mzee huyu usiku ule alimkumbuka mwanawe. Umejuaje?" La pili: "Dada yako yupo karibu kila ukurasa, lakini hasemi neno. Kwa nini?"

Shangazi, sijamjibu. Ukweli ni kwamba mzee aliwahi kunisimulia habari za mwanawe, lakini usiku aliofariki sikuwapo. Yale mawazo niliyaweka mwenyewe, kwa sababu niliona ndivyo ingekuwa. Nikiitoa aya hiyo naona nimeitoa roho ya kazi nzima, na pengine wataniambia kwamba nafasi niliipata kwa udanganyifu.

Kuhusu dada, anajua kwamba ninaandika "mambo ya hospitali". Hajui kwamba nimeandika ile siku alipogoma kwenda, akasema amechoka na tumwache apumzike. Hajasoma hata mstari mmoja. Amenihimiza niende, na mdogo wetu wa kiume amekubali kumsindikiza muda ambao sitakuwapo. Lakini nikifikiria kwamba ninamwacha kwenye maumivu ili nikaandike habari za maumivu yake, nafsi inanisuta.

Halafu kuna hili. Nina mwanzo na nina mwisho. Katikati ni madaftari na sauti zilizomo kwenye simu. Nilipanga kuvibeba vyote nikavipange hukohuko. Rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi, anasema mlezi anayehoji kama askari ataniua kalamu, niombe nibadilishiwe. Nimwombe mwingine? Niende kweli?

Msindikizaji

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda, na mlezi huyo usimwache. Ila kabla ya kufunga begi kuna mtu inabidi umsomee kurasa zako, na kuna aya inabidi uiandike upya.

Nianze na aya, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Mlezi hakukushtaki. Amekuuliza swali ambalo kila msomaji makini wa masimulizi ya kweli huliuliza kimoyomoyo, na ambalo mhariri yeyote anayeijua kazi yake angekuuliza siku ya kwanza. Mwandishi wa riwaya anaruhusiwa kuingia kichwani mwa mhusika atakavyo, kwa kuwa mhusika ni wake, amemuumba. Mzee wako hukumuumba. Alikuwa na jina lake, watu wake na usiku wake. Unaweza kuingia kichwani mwake kwa njia moja tu: akuambie mwenyewe alichofikiri. Na alichofikiri usiku ule hakukuambia.

Naomba uyatazame upya yale aliyokuambia. Unasema alikusimulia habari za mwanawe. Lini? Alikuwa amekaa vipi? Alianzaje, alipoanza tu mashine au saa ya mwisho anapokuwa hoi? Alimtaja kwa jina, au alisema "kijana wangu"? Alinyamaza wapi? Hayo unayo, yako daftarini au kwenye simu, na ni yako kwa haki kwa sababu ulikuwapo. Kisha unayo siku iliyofuata: mlifika, kiti chake kikoje? Nani aliwaambia? Mashine yake alipewa nani, na huyo aliyepewa alijua ni ya nani? Muuguzi wa zamu ya usiku ule yupo, unaweza kumuuliza alichokiona, na akikataa kusema, kukataa kwake nako unaweza kukuandika. Mimi naamini, bila kuziona kurasa zako, kwamba kiti kitupu ulichokiona kwa macho yako kitambeba msomaji kuliko mawazo uliyoyatunga, hata kama uliyatunga kwa huruma.

Kama bado unatamani kuyafikia yale mawazo ya mwisho, mlango upo na uko wazi. Mwambie msomaji. Andika kwamba hukuwapo, kwamba hujui, na kwamba tangu siku ile umekuwa ukijiuliza kama alimkumbuka mwanawe. Sentensi ya namna hiyo haipunguzi kitu. Msomaji anakubali kuwaza pamoja nawe ukimwambia kwamba sasa tunawaza. Asichokusamehe ni kugundua baadaye kwamba ulimpa dhana ukaiita habari, maana kuanzia hapo ataanza kuutilia shaka ukurasa wa pili, na wa tatu, na mwisho hata yale ambayo dada yako aliyapitia kweli.

Na hao waliokuchagua? Mwandikie mlezi sasa, leo ukiweza, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Usijitetee wala usijidhalilishe. Mwambie sehemu ipi ulisikia, ipi uliidhania, na kwamba unaiandika upya. Mwulize kama uongozi wa programu nao unapaswa kuelezwa, kisha ufanye atakavyokushauri. Mhariri mzoefu ameshaona rasimu nyingi zenye aya kama hiyo. Makazi yenye mlezi yapo kwa sababu rasimu huja hazijakamilika. Jambo lingekuwa baya kama ungelificha mpaka kazi ikachapishwa.

Hapo kwenye madaftari na sauti nataka nikazie, kwa sababu waandishi wengi huona ni mambo ya makarani. Mwandishi wa Marekani Janet Malcolm alichapisha mwaka 1983 makala ndefu kuhusu mvutano juu ya hifadhi ya nyaraka za Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa mazungumzo. Mtu aliyekuwa kiini cha makala hiyo akamshtaki mwaka uliofuata, akidai amewekewa maneno mdomoni. Malcolm alikuwa na kanda nyingi za mahojiano, lakini baadhi ya nukuu zilizobishaniwa hazikuwamo kwenye kanda. Alisema zilikuwa kwenye daftari ambalo halikuonekana. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1991, ikarudishwa chini, na mwaka 1994 jopo la wananchi waliokaa kama waamuzi likampa Malcolm ushindi. Daftari lilipatikana mwaka 1995, nyumbani kwake, kwenye rafu ya vitabu, likiwa limechomolewa na mjukuu wake mdogo. Miaka kumi ya mahakamani, na sehemu ya ushahidi ilikuwa rafuni.

Kwa hiyo andika tarehe juu ya kila daftari. Zile sauti zitoe kwenye simu uziweke mahali pengine pawili, kwa sababu simu huanguka na huibiwa. Kila mtu uliyemrekodi, weka kumbukumbu ya alichokubali. Kukubali kurekodiwa na kukubali kuchapishwa ni mambo mawili, hasa kwa mgonjwa aliyelala amechomwa sindano mbili mkononi na asiyeweza kuinuka kuondoka. Warudie walio hai, siku ambayo hawako kwenye mashine ikiwezekana, uwaeleze kwamba kazi hii itasomwa na watu wasiowajua. Waulize kama utumie majina yao au la. Yupo atakayekataa. Mwondoe. Kwa mzee aliyefariki, watafute watu wake, na hospitali nayo ijue, kwa sababu wagonjwa wako chini ya dhamana yake. Kazi hii ni ya nyumbani, mwanangu. Ukiwa makazini mbali, hutaweza kuifanya kwa simu ukaifanya vizuri.

Sasa dada yako.

Swali la pili la mlezi ndilo zito zaidi, ingawa wewe umelipitia haraka ukarudi kwenye aya. Umesema uliwahoji wagonjwa wengine ukawarekodi. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema umemhoji dada yako, sikupaona. Nadhani ndiyo sababu hasemi neno. Umemwona, umemshika mkono, umemfunika shuka, umemsikia siku aliyogoma, na kwa kuwa ni wa tumbo moja ukaona huna haja ya kumuuliza kitu. Wageni umewapa kinasa sauti, yeye umempa kimya. Kila anayeandika habari za ndugu zake huja kukutana na hali hii: anayemjua sana ndiye asiyemuuliza.

Kaa naye kabla hujaenda. Usikae naye siku ya matibabu. Akitoka pale anakuwa hana nguvu, wajua kuliko mimi. Mweleze kwanza kwamba kitabu hiki, au makala hii, yeye ndiye uti wake. Kisha msomee. Msomee kwa sauti, pamoja na ile siku aliyosema amechoka. Usimwachie karatasi asome peke yake usiku. Ukimaliza, nyamaza. Muulize siku ile yeye aliionaje. Huenda akakuambia kwamba hukuelewa alichosema. Huenda alichoka na kitu kingine kabisa, na wewe ukasikia kifo. Huenda akakasirika. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa umepata sauti ambayo mlezi ameona haimo.

Najua swali litakalofuata: je, akisema ifute? Wahariri wengi watakuambia usimpe mhusika mswada wako aukague, na kwa kiongozi, kampuni au ofisi ninakubaliana nao kabisa. Dada yako hayumo katika kundi hilo. Hana mamlaka ambayo umma unayadai hesabu. Alisema maneno yale akiwa amelala ndani kwake, mbele ya mdogo wake, hakuyasema mbele ya mwandishi. Mimi ningempa haki ya kuifuta siku ile. Ningemwomba, ningemweleza kwa nini naona ni muhimu, ningempa muda afikiri, na akisema hapana ningeifuta. Najua wapo waandishi wazuri watakaopinga. Lakini utaandika makala nyingine, na dada yako ni huyohuyo, na mara 3 kwa wiki mtakaa pamoja kwenye chumba kile baada ya kazi hii kusomwa na kila mtu.

Kuhusu kusutwa na nafsi kwa kumwacha wiki 5, sina mengi. Amekwambia nenda, mdogo wenu amekubali. Mwache mdogo wenu aanze kwenda wiki mbili kabla hujaondoka, mkiwa wote wawili, ajue sindano zinachomwa mkono gani, uzito hupimwa kabla na baada kwa sababu gani, maji ya kunywa yanahesabiwaje, na nani wa kuita dada akijisikia kizunguzungu. Ukishamsomea dada kurasa zako, na neno lake la nenda litakuwa limetoka kwa mtu anayejua unakwenda kufanya nini. Nadhani kinachokusuta hasa ni hicho.

Nije kwenye katikati isiyokuwapo. Makazi ya waandishi hayafanani. Yapo yale ya upweke, ambayo kazi yake ni kukupa chumba na kukulinda usisumbuliwe. MacDowell ya Marekani, iliyoanza mwaka 1907, inajulikana kwa desturi yake ya kumletea msanii chakula cha mchana ndani ya kikapu na kukiacha mlangoni, mleta chakula asibishe hodi. Kwenye makazi ya namna hiyo ungeweza kwenda na madaftari yako ukayatandaza sakafuni mwezi mzima. Unakokwenda wewe ni kwingine. Hapo kuna mtu anayesubiri kusoma. Wiki 5 zikigawanywa na vikao vyenu, na siku za kusomeana na wale 7 wengine, na siku utakazoamka kichwa hakitaki, zinabaki chache kuliko zinavyoonekana kwenye barua ya mwaliko.

Mlezi hawezi kuhariri daftari. Anahariri rasimu. Akikuta mwanzo uliong'arishwa na mwisho uliong'arishwa na pengo katikati, mtazungumzia pengo, na mazungumzo ya pengo ni ya nadharia tupu. Akikuta rasimu nzima, hata iwe mbovu, yenye sehemu inayojirudia na mtu anayetoweka ukurasa wa kumi na tano asionekane tena, ataweka kidole: hapa, hapa na hapa. Mtafanya kazi tangu siku ya kwanza. Jitahidi kabla ya kuondoka uandike katikati yote, upesi, bila kurudi nyuma kusahihisha. Ukikosa habari, acha nafasi uandike kwa herufi kubwa kinachokosekana. Usiguse mwanzo. Waandishi wengi hukimbilia kuulainisha ukurasa wa kwanza kwa sababu wa ishirini unawatisha.

Na zile sauti, anza kuzinukuu sasa. Saa moja ya mazungumzo hula saa kadhaa za kuandika, tena ya watu wanaosemea chini huku mashine zikilia. Ukiyaacha kwa ajili ya makazini, utatumia nusu ya muda wako na vipokea sauti masikioni, jambo ambalo ungeweza kulifanya mezani kwako. Si lazima unukuu kila neno. Sikiliza mara moja, andika dakika na mada, kisha nukuu neno kwa neno zile sehemu ambazo moyo ulishtuka.

Rafiki yako anasema mlezi anayehoji ataua kalamu. Mpe heshima yake, lakini hapo amekosea. Mlezi wa kubadilisha yupo, na dalili zake ni hizi. Akianza kuandika sentensi zako kwa sauti yake, mpaka ukisoma huisikii tena ile ya kwako, sema. Akikushinikiza uweke siri ambayo mtu alikuomba usiiweke, kataa, na akiendelea nenda kwa uongozi. Akitaka maumivu yaongezwe ili msomaji alie, jihadhari naye sana, hasa kwa somo kama lako, ambamo wagonjwa wanaweza kugeuzwa mapambo ya huzuni. Huyu wako amefanya kinyume: amesimama kwenye aya ambayo kila mtu ameisifu akauliza kama ni ya kweli, na amemtafuta dada yako kwenye kurasa akamkosa. Amekusoma vizuri kuliko waliokupongeza.

Ukifika, mwambie mapema jinsi unavyopenda kusahihishwa: kwa maandishi kwanza kisha mazungumzo, au ana kwa ana tangu mwanzo. Akikupa maoni yanayokuuma, usijibu siku hiyohiyo. Kesho yake mwulize lile unalolikataa ana sababu gani. Una haki ya kukataa pendekezo lake. Sahihi iliyo chini ya kazi ni yako. Lakini ukikataa, ujue tatizo aliloliona mara nyingi lipo, hata kama dawa aliyoitaja siyo.

Mwisho kabisa, kabla ya kutia sahihi kukubali nafasi, waandikie waratibu uwaulize mambo haya na uombe majibu kwa maandishi. Nauli ni ya nani? Kazi utakayoimaliza pale ni mali yako peke yako, au wana haki ya kuichapisha kwanza? Kuna mtu wa kuhakiki ukweli wa kila jina na tarehe kabla ya kuchapishwa, au jukumu hilo ni lako? Je, simu na intaneti vinapatikana saa zote? Na hali ya dada ikibadilika ghafla, unaruhusiwa kuondoka ukarudi, na wanasaidiaje safari ya dharura? Hilo la mwisho waeleze wazi, usilifiche kwa kuogopa kuonekana mzigo. Wakijibu vizuri, mpe mdogo wako namba ya mratibu iandikwe kwenye karatasi, ikae kwenye mfuko wanaobeba kwenda hospitali.

Shangazi